"Mtu" au "Mwanamume"? Neno Dogo Katika Vitabu Vyetu vya Dini



Katika toleo hili napenda tutafakari pamoja jambo linaloonekana dogo, lakini ambalo limemfanya mama mmoja wa kanisa letu aache darasa. Jambo lenyewe ni neno moja la mkalimani.

Darasa la viongozi lilikuwa linaendelea chini ya turubai la kanisa. Mwalimu alikuwa mgeni. Alifundisha kwa Kiingereza, akitumia kitabu cha mafundisho ya imani kilicholetwa na wafadhili, na kijana wetu mmoja alikuwa akitafsiri. Walipofika kwenye somo la uumbaji, kitabu kilisema kwamba Mungu alimwumba "man" kwa mfano wake. Kijana akatafsiri bila kusita: Mungu alimwumba mwanamume kwa mfano wake. Somo likaendelea hivyo kwa muda wa saa nzima. Mwanamume alianguka dhambini. Mwanamume anahitaji wokovu. Kristo alikufa kwa ajili ya mwanamume.

Mama mmoja mjane, anayelea wajukuu, akanyosha mkono. "Samahani mwalimu. Na sisi akina mama tuliumbwa kwa mfano wa nani?"

Watu wakacheka. Mkalimani naye akacheka, wala hakulifikisha swali kwa mwalimu. Akajibu mwenyewe: "Mama, ndivyo kitabu kinavyosema." Juma lililofuata mama yule hakuja. Alipoulizwa, alisema alikuwa na kazi ya kuchota maji. Lakini maji aliyachota hata majuma yaliyotangulia, na darasani alikuwa akifika.

Mimi ninayeandika nilikuwa mmoja wa waliocheka. Ndiyo maana naandika. Swali langu kwenu ni hili: je, tulikosea lugha tu, au tulimkosea mtu?

Chanzo cha mkanganyiko

Hebu kwanza tuangalie lugha zenyewe. Katika Kiebrania, neno "adam" linalotumika katika Mwanzo sura ya 1 maana yake ni mtu, binadamu. Aya ile ile ya 27 inaendelea kueleza kwamba huyo mtu ni mume na mke, wote wawili. Katika Kigiriki cha Agano Jipya kuna "anthropos", yaani mtu, na kuna "aner", yaani mwanamume. Kilatini nacho kina maneno mawili: "homo" ni mtu, na "vir" ni mwanamume.

Taabu iko katika baadhi ya lugha zilizotuletea vitabu. Kiingereza cha zamani kilitumia neno "man" kwa maana zote mbili. Kifaransa hufanya vivyo hivyo kwa neno "homme", na ndugu zetu waliosoma Kongo au Burundi wanalifahamu vizuri. Neno moja limebeba mizigo miwili, na msomaji analazimika kukisia ni mzigo gani unaoshushwa. Kanuni ya Imani ya Nikea ni mfano mzuri. Katika Kigiriki, inaposema kwamba Mwana alishuka kwa ajili yetu, inatumia wingi wa "anthropos", yaani sisi wanadamu. Kwa Kiingereza ikatafsiriwa "us men". Waliotafsiri hapo zamani hawakukusudia kuwaacha akina mama nje ya wokovu. Lakini msichana wa leo anayeisoma kwa mara ya kwanza ana haki ya kuuliza kama naye yumo.

Sasa tazameni lugha zetu. Kiswahili kina "mtu" na "mwanamume". Kirundi na Kinyarwanda vina "umuntu" na "umugabo". Kilingala kina "moto" na "mobali". Kijana wetu alikuwa na neno sahihi mdomoni mwake tangu alipokuwa mtoto mgongoni mwa mama yake. Aliliacha kwa sababu aliona kitabu cha Kiingereza kina mamlaka kuliko lugha ya mama yake.

Mabishano ya ng'ambo

Huko Ulaya na Marekani jambo hili limeleta mabishano makubwa tangu miaka ya 1970. Mwaka 1989 ilitoka Biblia ya Kiingereza iitwayo New Revised Standard Version. Mahali ambapo Paulo analisalimu kanisa zima kwa neno la Kigiriki "adelphoi", Biblia hiyo iliandika kaka na dada, badala ya kaka peke yao. Sababu yake ni ya kweli. Wingi huo wa Kigiriki unaweza kuwajumlisha wote, wanaume na wanawake. Katika Wafilipi sura ya 4, Paulo anaanza kwa kuwaita wasomaji "adelphoi", na papo hapo anawataja kwa majina akina mama wawili, Euodia na Sintike.

Wengine hawakukubali. Mwaka 1997 viongozi na wataalamu kadhaa wa makanisa ya kiinjili walikutana Colorado Springs, Marekani, wakaandika miongozo ya kuzuia mabadiliko waliyoona yamepita kiasi. Biblia iitwayo Today's New International Version, iliyokamilika mwaka 2005, ilipingwa vikali, na mwaka 2011 nafasi yake ikachukuliwa na toleo jipya la New International Version. Ujerumani nako, mwaka 2006, ilitolewa Biblia iliyokwenda mbali zaidi katika kubadilisha lugha, nayo ikazua ubishi mkubwa.

Afrika nayo haikukaa kimya. Mwaka 1989, nchini Ghana, Mama Mercy Amba Oduyoye na wenzake walianzisha ushirika wa wanawake wanateolojia wa Afrika, ili wasome na kuandika wenyewe. Miongoni mwao ni Mama Musimbi Kanyoro wa Kenya, mtaalamu wa lugha aliyefanya kazi na vyama vya Biblia katika tafsiri. Kwa hiyo asitokee mtu wa kusema kwamba hili ni swali la Wazungu peke yao.

Zawadi tuliyopewa

Ndugu wapendwa, katika jambo hili Mungu ametupa zawadi ambayo wengine wanaitafuta kwa shida. Kiswahili hakina kiwakilishi kimoja cha mwanamume na kingine cha mwanamke. "Yeye" ni yeye. "Alikuja" ni baba au ni mama. "Mwana" ni mtoto wa kiume au wa kike. "Ndugu" ni yeyote tuliyezaliwa naye, na katika kanisa ni yeyote tuliyezaliwa naye mara ya pili.

Chukueni Zaburi ya 1. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inatumia neno "man" katika aya ya kwanza. Ile ya mwaka 1989, ili isimwache mwanamke nje, iligeuza umoja kuwa wingi. Wapinzani wakalalamika kwamba picha ya mtu mmoja, anayesimama peke yake dhidi ya kundi la waovu, imepotea. Malalamiko hayo yana uzito. Lakini Biblia yetu ya Kiswahili ya Union Version inasema "mtu". Umoja umebaki, na mwanamke yumo. Vivyo hivyo katika 1 Timotheo 3:1. Kigiriki kinasema "mtu yeyote", Kiingereza cha zamani kikaandika "man", nasi tunasoma "mtu".

Jinsi tunavyoipoteza zawadi hiyo

Pamoja na hayo, tusijisifu mapema. Lugha isiyobagua inaweza kutumiwa na watu wanaobagua. Nimeona njia nne ambazo sisi wenyewe tunaipoteza zawadi hii.

Kwanza ni ukalimani, kama nilivyoeleza.

Pili ni salamu zetu. Siku hizi wahubiri wengi husema "ndugu na dada zangu". Wanadhani wanawaongeza akina dada. Kumbe wanawapunguza, maana wakitajwa kando, "ndugu" anabaki kuwa mwanamume peke yake. Mlango uliokuwa wazi kwa wote tumeufunga, halafu tumewatobolea akina dada dirisha. Anayetaka kuwataja wote wawili aseme "kaka na dada". Anayetaka kuwajumlisha aseme "ndugu", na inatosha.

Tatu ni vyeo. Katika makanisa mengi "mama mchungaji" ni mke wa mchungaji. Basi katika makanisa yanayowabariki wanawake kuwa wachungaji, mama huyo akipita tunamwitaje? Mara nyingi watu humdhania kuwa ni mke wa mtu fulani, na kumbe yeye ndiye mwenye kundi.

Nne ni tafsiri ya majina ya kazi. Katika Warumi 16:1 Paulo anamtaja Fibi wa Kenkrea kwa neno "diakonos". Neno hilo hilo, katika wingi, liko katika Wafilipi 1:1, na Union Version inaliandika "mashemasi". Lakini Fibi ameandikwa "mhudumu". Si uongo, kwa sababu shemasi ni mhudumu kweli. Ila msomaji hawezi kujua kwamba neno ni lile lile. Katika aya ya 7 yuko Yunia. Yohane Krisostomo, mhubiri mashuhuri wa karne ya 4, aliyekuwa na Kigiriki kama lugha yake, alimjua kuwa ni mwanamke na akamsifu. Baadaye watafsiri kadhaa wa Ulaya walimwandika kama mwanamume, wakiona haiwezekani mwanamke atajwe hivyo pamoja na mitume. Wataalamu bado wanabishana kama Paulo alimhesabu kuwa mtume, au alisema tu kwamba mitume walimfahamu. Hilo na lijadiliwe. Lakini kumgeuza mwanamke kuwa mwanamume kwa sababu hatukutegemea kumkuta pale, huko si kutafsiri.

Tuwasikilize wanaopinga

Kuna wazee wanaosema: "Msibadilishe Neno la Mungu ili kufurahisha watu." Wanasema kweli, nami nawaunga mkono. Yako mahali ambapo neno la kiume lina kazi yake, na ukiliondoa unaharibu. Katika Wagalatia sura ya 3 na ya 4 Paulo anawaita waamini "huioi", yaani wana wa kiume. Katika desturi nyingi za wakati ule mwana wa kiume ndiye aliyebeba jina na urithi wa nyumba. Paulo anaandika hivyo katika barua ile ile anayosema kwamba katika Kristo tofauti ya mwanamume na mwanamke haimtengi mtu. Maana yake ni kwamba binti naye amepewa sehemu iliyokuwa ya mwana wa kiume. Ukiandika "watoto" bila kueleza, habari ya urithi inafifia, na anayepoteza ni yule binti. Hapo dawa si kulifuta neno. Dawa ni mwalimu kulieleza.

Wengine wanauliza: "Je, mnataka tuache kusema Baba Yetu?" Hapana. Bwana Yesu mwenyewe ametufundisha kuomba hivyo. Lakini kanisa halijawahi kufundisha kwamba Mungu ni mwanamume. Gregori wa Nazianzo, katika karne ya 4, aliwacheka waliodhani kwamba Mungu ni wa kiume kwa sababu anaitwa Baba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inafundisha kwamba Mungu si mwanamume wala mwanamke. Na Maandiko yenyewe hayaoni haya. Katika Isaya 66 Mungu anajifananisha na mama anayemfariji mtoto. Katika Mathayo 23 Bwana anajifananisha na kuku anayekusanya vifaranga vyake. Wapo kati yetu watoto ambao neno "baba" linawakumbusha mtu aliyewapiga, au mtu asiyerudi usiku ule wa kukimbia. Kwao mwalimu asilifiche jina la Baba. Awaonyeshe pia mifano hii, ili wajue huyu Baba ni wa namna gani.

Wako na wanaoogopa kwamba tukikubali "mtu", kesho tutalazimishwa kuwaweka wanawake madhabahuni. Hayo ni mambo mawili. Kanisa linaloamini kwamba uchungaji ni wa wanaume lina aya zake za kutaja, na kanisa linaloamini vingine nalo lina zake. Wote wanadaiwa jambo moja: kusoma kilichoandikwa. Asiyetaka mwanamke awe askofu asitegemee kosa la mkalimani kuwa ushahidi wake.

Tena niseme na upande wa pili, wale wanaotaka kusafisha kila kitu. Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa karne ya 13, alimfuata Aristotle akaandika kwamba mwanamke, kwa maumbile ya mtu mmoja mmoja, ametokana na upungufu, ingawa aliongeza kwamba katika mpango mzima wa maumbile yeye si kosa, bali amekusudiwa na Mungu. Tukikitafsiri kitabu chake na kuyalainisha maneno hayo, tutakuwa tumemdanganya msomaji. Aliyesema "mtu", tuandike mtu. Aliyesema vibaya kuhusu wanawake, tuandike alivyosema, kisha tumjibu.

Kwa hiyo kanuni ni moja: neno lisiwe finyu kuliko ukweli, wala lisiwe pana kuliko ukweli.

Kwa nini ni swali la haki

Ndugu, sisi wakimbizi tunajua kuliko wengine jinsi neno la kwenye karatasi linavyoweza kumlaza mtu njaa. Mkataba wa mwaka 1951 kuhusu hadhi ya wakimbizi, katika maandishi yake ya Kiingereza, unamweleza mkimbizi kwa kiwakilishi cha mwanamume. Je, mama zetu si wakimbizi? Ni wakimbizi, na hakuna anayelikataa hilo. Lakini angalieni tena. Mkataba huo unataja sababu tano za kuteswa: rangi au asili, dini, uraia, kuwa katika kundi fulani la jamii, na msimamo wa kisiasa. Jinsia haikutajwa. Mwanamke aliyeteswa kwa sababu ni mwanamke ilibidi atafutiwe mlango ndani ya "kundi fulani la jamii". Mwaka 2002 UNHCR ilitoa mwongozo wa kueleza kwamba mateso ya namna hiyo nayo yaeleweke katika mkataba. Neno moja la "yeye" halikuleta taabu hiyo yote. Ila waliokuwa na picha ya mwanamume kichwani walisahau kuuliza kuhusu mwenzake.

Ni vivyo hivyo na kadi ya mgao wa chakula. Wengi wetu tunakumbuka kadi iliyoandikwa jina la baba peke yake kama mkuu wa kaya. Baba akiondoka, au akiuza mgao, mama alibaki na watoto bila hata jina la kutaja dirishani. Mwaka 2001 UNHCR iliwaahidi wanawake wakimbizi mambo matano, na mojawapo ni kwamba kila mwanamke aandikishwe yeye mwenyewe na apewe hati zake. Kwa nini ahadi hiyo ilihitajika? Kwa sababu asiyeandikwa husahauliwa, hata kama kila mtu anakubali kwamba yupo.

Biblia inayo habari kama hiyo. Katika Hesabu sura ya 27, mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa, jangwani, watu wakiwa bado katika mahema. Baba yao alikufa bila mwana wa kiume, na kwa desturi jina lake lingefutika na wao wasingepata ardhi. Wangeweza kunyamaza. Waliuliza. Naye Musa hakucheka, wala hakuwaambia kwamba ndivyo sheria inavyosema. Alilipeleka swali lao mbele za Bwana. Na Bwana akajibu kwamba mabinti wale wamesema haki.

Hapo ndipo moyo wangu uliponichoma. Kazi ya mkalimani ni kupeleka neno upande huu, na kupeleka swali upande ule. Sisi tulipeleka neno tukiwa tumelipunguza, na swali hatukulipeleka kabisa. Mama yule aliuliza swali la imani lililo kubwa kuliko yote: je, mimi nina sura ya Mungu? Aliliuliza akiwa amezika mume, ameacha shamba, na analea wajukuu kwa mgao. Jibu alilopata ni kicheko.

Tufanye nini?

Kwanza, wakalimani wetu na wakae na mwalimu kabla ya somo, waulize: hapa kitabu kinamaanisha mtu au mwanamume? Swali hilo halichukui dakika moja. Pili, walimu wa shule ya Jumapili waseme "mtu" mahali Biblia yetu inaposema "mtu". Tatu, swali la mama, la kijana au la mtoto lifikishwe kwa mwalimu kama lilivyoulizwa, hata kama mkalimani anadhani anajua jibu.

Mimi nimekwenda kwake kuomba radhi. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba atarudi darasani siku swali lake litakapomfikia mwalimu. Mwalimu anakuja tena mwezi ujao, na kijana wetu ameahidi kwamba hilo ndilo litakuwa neno la kwanza atakalotafsiri.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya nyumbani: (1) Katika nyimbo na maombi yetu, ni wapi tunasema "mwanamume" tukimaanisha mtu? (2) Ni nani kati yetu aliyeacha kuja kwa sababu swali lake lilichekwa? (3) Nani atakwenda kumtembelea?

Mungu Baba, aliyetuumba sote kwa mfano wake, awabariki ninyi na nyumba zenu. Amina.